Pitisheni Mtungi, Tunawe

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula mbegu. Mtu wa Iringa wa rika langu ukimwambia hivyo hakuulizi tarakimu, anashika tumbo. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuja kama mgeni mwenye haraka, ikasalimia, ikaondoka. Mahindi yakakauka yakiwa na ndevu tu, kama wazee wasio na watoto. Tulianza na viazi vidogo kama gololi, tukaja kwenye majani ya maboga bila karanga, tukaja kwenye mboga za porini ambazo mbuzi alizinusa akaziacha. Mwishowe wanawake wakaanza kupanda juu ya moshi na kuteremsha mahindi ya mbegu yaliyofungwa na maganda yake. Kila mmoja alifanya kwa siri, na kila mmoja alijua mwenzake anafanya, kwa sababu mbegu iliyokaa moshini ukiitwanga, ugali wake unanuka paa la nyumba. Mlandege nzima, mtaa wetu, ilinuka paa, na Mlandege nzima iliamkiana "Kamwene" kwa sauti ya watu waliokula nyama. Bomani, juu kilimani, walikuwa wameteremsha picha ya mfalme wakapandisha ya binti yake. Kwetu jambo hilo halikuongeza unga.

Naandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu wa kike. Huyu anaimba, na anaimba kweli, sauti ameitoa kwangu hata kama baba yake anadai vingine. Jioni moja aliniuliza kwa nini watu wanamshangilia ukumbini halafu wakifika mlangoni wimbo wameshausahau. Akanisikilizisha kwenye simu nyimbo za Wazungu wenye kofia pana. "Hizi zinaitwa kantri, bibi. Sikiliza zilivyojengwa." Nikamwambia, mjukuu wangu, hizo mimi nilizisikiliza kabla mama yako hajawa hata wazo. Tena nilikuwa na mchumba aliyezipiga kwa gitaa, na nilikuwa na wimbo wangu mwenyewe, na siku moja niliambiwa nichague kati ya hivyo viwili. Akaweka simu chini. Ndiyo mara ya kwanza nimeona mtoto wa siku hizi akiweka simu chini.

Shule yangu iliishia darasa la pili la misheni, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini sauti sikufundishwa na mtu. Nilikaa kwa shangazi yangu, dada wa baba, na nilipokuwa msichana wa kuolewa tayari nilikuwa mwimbishaji wa mgowe. Mgowe ni kazi ya pamoja: mwenye shamba anapika pombe, anaita watu, wanajipanga mstari na majembe, wanalima mpaka mtungi unakauka. Mwimbishaji anatangulia na maneno, mstari unaitikia, majembe yanashuka pamoja. Mwimbishaji mbaya anavunja watu migongo. Mimi walinifuata kutoka ng'ambo ya mto, na kama hilo ni kujisifu, basi ninajisifu.

Mchumba alikuwa dereva wa lori, Iringa mpaka Mbeya na kurudi. Alikuwa mzuri, nisimsingizie. Shingo ndefu, meno yamejipanga, na vidole ambavyo vikigusa nyuzi ulitamani uwe mti. Kila akipita Chimala alitununulia mchele. Mwaka ule tuliokula mbegu, fikiria, mchele! Shangazi alimpenda kwa mchele ule kuliko nilivyompenda mimi kwa gitaa. Majembe ya posa yalikuwa yameshaletwa, yamelala chini ya kitanda cha shangazi, mapya, bado yana mafuta ya dukani. Kwetu majembe yakishapokewa msichana anatembea polepole, anachekea kiganjani, na anajifanya hajui kula.

Tulikutana kwenye baraza la duka, mchana mweupe, mbele ya watu, maana mwenye duka alikuwa Mwislamu wa asili ya pwani aliyelinda mabinti wa wenzake kuliko sukari yake. Alikuwa na gramafoni. Aliipiga ili watu waje, na watu walikuja, wakasikiliza, wakaondoka bila kununua kitu. Santuri zilikuwa hizo hizo za wenye kofia. Mtu anaimba vizuri tu, halafu ghafla sauti inampanda puani na kushuka kooni na kupanda tena, kama mtu anayeteremka Ipogolo na baiskeli isiyo na breki.

"Anasema nini huyu?" nikamwuliza mchumba wangu.

"Anasema mama yake amefariki na treni imeondoka."

Ikawekwa santuri nyingine. "Na huyu?"

"Huyu treni ndiyo imeondoka kwanza, halafu mama akafariki."

Mwenye duka akainua uso kutoka kwenye mizani. "Kijana, Kiingereza umekijulia wapi wewe?"

"Changu ni cha gari, mzee. Breki, gia, rejeta. Lakini huzuni ni huzuni tu."

"Basi tutafsirie na ile ya kufurahi."

"Ile treni imechelewa," alisema mchumba wangu, "kwa hiyo mama bado yuko hai."

Tulicheka mpaka mwenye duka akamwaga chumvi. Hata hivyo nilikuwa nasikiliza, na nilisikia kitu. Gitaa lake lilijua sehemu tatu tu za kushika. Ya kwanza ni nyumbani. Ya pili ni kwa jirani: unaweza kukaa, hata kula ukala. Ya tatu ni mtoni jioni, pale ambapo miguu yenyewe inakuambia rudi. Na santuri zote zile zilizunguka humo humo, nyumbani, kwa jirani, mtoni, nyumbani. Nilifurahi kujua kwamba hata Mzungu mwenye farasi hana kwingine kwa kwenda.

Tatizo lilikuwa nyimbo za mchumba wangu mwenyewe. Alikuwa na moja ya barabara. Ilianza Iringa, ikapita Mafinga, ikaingia Makambako, ikashuka Chimala, ikapanda Mbeya, na kila mahali ina ubeti wake, na hakuna kilichorudi hata mara moja. Alipofika Mbeya mwenye duka alikuwa anafunga madirisha.

"Unauonaje, mwali?"

"Una miguu, hauna makalio."

"Nini?"

"Unatembea tu. Hauna pa kukalia. Sisi wasikilizaji tukichoka tukae wapi?"

Alinuna. Wanaume wazuri hawajazoea. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hayo makalio yanatengenezwaje?" Nikamwambia hayatengenezwi, yanatokea mtu akikosewa. Nilisema tu ili nionekane nina akili. Mvua zilipoanza nikaona nilikuwa nimesema kweli.

Mama yake alikuwa na shamba kubwa kuelekea bondeni, na alikuwa mwanamke wa kanga mpya, anayekaa mbele kanisani. Wakati wote tulipokuwa tunanuka paa, ghala lake lilikuwa na ulezi, na alipenda tujue. Mvua ilipolainisha udongo akaita mgowe. Hakuna mwingine aliyethubutu mwaka huo, nani alikuwa na nafaka ya kupikia pombe? Watu walikuja wengi kuliko majembe. Muelewe vizuri, pombe ya ulezi mwaka ule haikuwa starehe. Ilikuwa uji wenye heshima. Kulikuwa na wanawake pale waliofunga matumbo kwa kanga tangu jana yake wakisema kesho tutakunywa.

Sasa kwetu kuna desturi. Mwenye mgowe hunywa wa kwanza, mbele ya watu, kutoka mtungi uleule watakaounywa wao, ili ijulikane pombe haina sumu na haina aibu. Mama mkwe wangu mtarajiwa alitoka ndani na kibuyu chake mkononi, kimeshajaa. Akanywa. Povu likamkaa juu ya mdomo wa juu kama masharubu. Akajipangusa, akatuonyesha mtungi wetu, akasema, "Karibuni wanangu, mjisikie nyumbani."

Nilichota kata. Nikaona uso wangu humo.

Katika pombe ya ulezi mtu haoni uso wake, anaona tope lenye baraka. Mimi nilijiona vizuri, na kilemba changu, na wingu lililopita nyuma yangu. Ilikuwa maji yaliyosuuziwa machicha. Na chini ya upenu wa nyumba palikuwa na mtungi mwingine, umefunikwa majani ya mgomba, unachemka wenyewe kwa furaha, unasubiri jumbe na wazee wa kanisa waje baadaye kupongeza kazi yetu.

Tulirudi kwenye mstari. Wote wananiangalia mimi. Mwimbishaji ndiye mdomo wa mstari, na kwetu kinachoimbwa jembe likiwa mkononi hakina kesi, awe jumbe, awe mchungaji. Aliyeimbwa ana dawa moja tu: apike upya, pombe nzito, awaite walewale. Wakishakunywa wimbo umezikwa, na hata mtoto akiuimba anazabwa kofi. Ni sheria nzuri. Imezuia mapanga mengi.

Shangazi alikuwa kulia kwangu. "Imbisha ule wa mvua," alisema bila kufungua meno. "Hapa ndipo utakapolala."

Nikaimbisha wa mvua. Naapa niliuanza kwa nia njema. Lakini mbele yetu bibi kizee mmoja, mwembamba kama mpini, alikuwa amebaki na kata yake. Alionja, akatafakari, akamwaga iliyobaki juu ya mikono yake, akaisugua matope taratibu, akaiangalia. "Angalau inatakasa," alisema. Na wimbo wa mvua ukanifia mdomoni, ukatoka mwingine.

Niliuimba kwa Kihehe, nikiuandika hapa kwa Kiswahili chumvi kidogo inamwagika, lakini ulikuwa hivi:

Tumekuja na njaa, tumelima mpaka mtoni,
pitisheni mtungi, tunawe.
Mwenye shamba ana povu mdomoni,
pitisheni mtungi, tunawe.

Mara ya kwanza waliitikia wachache, wengine walikuwa wanacheka. Mara ya pili mstari wote uliitika, na majembe yakashuka kwenye "tunawe" kama jembe moja. Ardhi ilitikisika. Tulimaliza lile shamba kabla jumbe hajavaa viatu.

Mjukuu wangu akaniuliza: kwa nini maneno hayo, bibi? Nikamwambia angalia. Kwanza ni mafupi, mtu mwenye jembe juu hana pumzi ya hotuba. Pili yanaishia mdomo ukiwa wazi, unaweza kuivuta hiyo sauti mpaka jembe litue. Tatu yana kitu cha kushika. Nyimbo zako wewe zimejaa mapenzi na moyo, na moyo hakuna aliyewahi kuuona isipokuwa mchinjaji. Mimi niliweka mtungi, na mtungi ulikuwa pale, unaonekana. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba sikutukana. Ukisema pombe yako mbaya, mwenye pombe atakujibu, na mtabishana mpaka giza. Ukimwomba kwa adabu akupitishie mtungi unawe mikono, atakujibu nini? Atakuletea sabuni?

Dereva wangu alirudi wiki iliyofuata. Wasichana kwenye bomba la maji walikuwa wameshaugeuza wa kuchotea. Alikuja moja kwa moja kwenye baraza la duka, gitaa begani, hajanawa hata vumbi.

"Ule wimbo wa bombani wa nani?"

"Wangu."

"Unamhusu nani?"

"Unahusu mtungi."

"Mtungi wa nani?"

"Wa mama yako."

Mwenye duka aliingia ndani ghafla kutafuta kitu ambacho hakuwa na shida nacho. Mchumba wangu akakaa. Akaweka gitaa gotini, akaangalia barabarani. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza: nyumbani, kwa jirani.

"Umemkosea mama yangu adabu," alisema, na vidole vikaendelea.

"Basi acha kuupiga."

"Nitaacha." Akavuta ile ya mtoni, akaisubirisha pale, pale ambapo roho inataka kurudi, na hapo akasema "pitisheni mtungi," taratibu, akaniacha nikae juu ya kidole chake, halafu "tunawe" ikatua nyumbani. Nywele zilinisimama. Mimi niliyeutunga nilikuwa sijui kwamba una mlango mahali pale. "Nitaacha kesho," alisema.

Hakuacha. Aliniambia ataondoa beti za shambani na kuweka za barabarani, na mama hatajulikana. Ndiyo akili ya madereva: ukibadilisha bodi hakuna atakayeitambua injini. Akaenda nao Mbeya.

Akirudi alikuwa anakaa jikoni kwa shangazi, mchele uko motoni, ananiimbia alichokiongeza, na lazima nikiri alikuwa amejifunza kitu. Ubeti wa kwanza dereva amekula vumbi mchana kutwa, anafika Chimala, wali unaletwa unatoa moshi: pitisheni mtungi, tunawe. Unacheka, una njaa. Ubeti wa pili lori la mwenzake limelala ubavuni mteremkoni, wamemchimbia, wamemfukia, wanarudi nyumbani kwa marehemu, na mlangoni: pitisheni mtungi, tunawe. Shangazi aliacha kukoroga. Ubeti wa tatu mwanamke wa Mbeya amemfungia mlango, anamwona dirishani na mwingine, naye hagongi, hapigi kelele, anasema tu: pitisheni mtungi, tunawe. Maneno ni yaleyale, hajagusa hata moja, na kila mara yanaingia tumbo jingine. Kumbe hiyo ndiyo kazi ya ubeti. Kiitikio kimekaa kama jiwe la jikoni, ubeti ndio unaobadilisha chungu.

"Mwanamke gani wa Mbeya?" nikauliza.

"Wa wimbo."

"Ana sura?"

"Nimekwambia ni wa wimbo!"

"Amekufungia mlango wa rangi gani?"

"Shangazi, mwambie mwanao."

"Mwali, mwache mwenzio," alisema shangazi, "mchele wa mtu unaliwa kwa amani."

Alisimulia jinsi ulivyoenea. Chimala waliucheza. Mbeya wakulima Wakristo kutoka milimani, waliokuja sokoni na viazi, waliuokota na kuupangia sauti nne kama wa kwaya, wakarudi nao juu. Mchungaji mmoja akauliza kama ni wimbo wa arusi ya Kana. Wakamwambia ndiyo, mchungaji, ila ni arusi ile ikirudi kinyumenyume, divai inageuka maji.

Nilijisikia mkubwa. Msichana asiyemaliza darasa la pili, hajafika hata Makambako, na sauti yake iko Mbeya inaimbwa na watu asiowajua. Lakini barabara ina pande mbili. Wimbo uliokwenda na lori moja ulirudi na malori mengi. Siku moja mama wa mchumba wangu yuko sokoni Iringa anachagua chumvi, utingo wa lori la mbali, mtu asiyemjua kabisa, anaruka chini mikono ina girisi, anamwona mwanamke mwingine mwenye mtungi wa maji, anaimba kile kipande chake kwa sauti ya kupanda na kushuka kama ya santuri. Soko zima halikumtazama utingo. Lilimtazama mama mkwe wangu. Hakuhitaji kutajwa, alikuwa amesimama hapo na kanga zake mpya, na chumvi mkononi.

Alikuja nyumbani kesho yake mchana. Alikuja na mshenga, na akamleta na mwanawe, ambaye kwa mara ya kwanza alikuja mikono mitupu, bila gitaa. Shangazi alitandika mkeka, akainjika ule mchele wa Chimala, mwingi, kuliko tulivyozoea kuupima. Mimi nikakaa pembeni, macho chini, ninavyotakiwa.

Mshenga alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema hakuna aliyekuja kugombana. Vijana wanapendana, majembe yamepokelewa, mvua ni nzuri. Mama anaomba jambo moja tu. Jumapili baada ya ibada ataita watu walewale shambani kwake, na binti atasimama auimbishe wimbo wake uleule, maana ni mtamu, mama mwenyewe anakubali ni mtamu. Abadilishe neno moja tu. Penye "tunawe" aweke "tulewe". Siku ya arusi itatangazwa hapohapo.

"Neno moja," alisema mshenga, akinionyesha kidole kimoja ili nisichanganyikiwe.

"Urefu ni uleule," mchumba wangu alidakia haraka. "Nimelijaribu. Kwenye nyuzi halisumbui kabisa."

"Mama," nikasema, "pika."

"Nini?"

"Pika tena, mama. Mtungi mmoja tu, wa kweli. Mimi mwenyewe nitakuja kusaga kimea. Watu wakinywa wimbo umekufa, na nitauzika kwa mkono wangu, na yeyote atakayeuimba nitamzaba kofi mimi."

Mama yake aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyeuliza kwa nini mbingu haianguki. "Nipike tena kwa nini? Kwani ya kwanza ilikuwa nini?"

Hapo nikamwelewa. Maana ndivyo ilivyo, akipika tena amekubali. Ulezi alikuwa nao wa kutosha kutulewesha mpaka Pasaka. Alichokosa ni mdomo wa kusema mtungi wa mwanzo ulikuwa maji. Alitaka pombe ya maneno, ile isiyopunguza ghala.

"Mwali," alisema shangazi kutoka jikoni, "neno moja lina uzito gani? Mchele huu una uzito."

Na niseme ukweli wangu: nilimtaka yule mwanaume. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa mbele ya lori, dirisha wazi, nateremka Chimala kwa mara ya kwanza. Nikalijaribu lile neno kimyakimya, ulimi nyuma ya meno. Pitisheni mtungi, tulewe. Liliingia kama mguu kwenye kiatu. Lilikuwa tamu. Jembe lingeshuka nalo vizuri tu, na gitaa lingerudi nyumbani vizuri tu. Nikajiuliza mstari utafanyaje. Kiitikio si cha mwimbishaji, mimi natangulia tu, wanaosema ni wao. Nikawaona wamesimama pale bondeni, yule bibi kizee mwembamba kama mpini, na wale waliofunga matumbo kwa kanga. Kama ningejua watagoma ningeimba, wakatae wao, nami ningeolewa. Lakini nilijua wangeitikia. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, mavuno yako mbali, na mwenye ulezi ni mmoja. Wangefungua midomo mikavu, waseme wamelewa.

"Sigeuzi, mama," nikasema. "Maji hayalevyi."

Mshenga akakohoa. Mchumba wangu alikuwa anaangalia vidole vyake. Nilisubiri aseme kitu, hata "mama, pika," maneno mawili tu, mafupi, ya kushika, hayana shida kwenye nyuzi. Vidole vilicheza kidogo juu ya goti. 

Mama yake hakukasirika. Alikunja kanga yake taratibu juu ya mapaja. "Dada," alimwambia shangazi, "yako wapi majembe yetu?"

Shangazi aliinama chini ya kitanda, akayavuta. Akayaweka juu ya mkeka katikati yetu. Jikoni mchele ulikuwa unachemka mpaka unamwagikia motoni, na hakuna aliyeinuka kuufunua.

"Mimi ni mtu mzima, masikio yangu yana vumbi la soko," alisema mama yake. "Pengine sikusikia vizuri. Mwanangu, nakupa nafasi, sema tena, mshenga asikie, na huyu kijana asikie. Ukisema nilichodhani nimesikia, haya tunabeba, na njia ya nyumba hii tumeisahau."

Nikainua macho. Msichana hatakiwi kuinua macho. Nikamtazama yeye, si mwanawe.

"Sigeuzi, mama. Maji hayalevyi."